Maswali ya Wageni wa Chanthaburi na Mtamba wa Shangazi Ndeshi

Walisema sitamaliza mwezi. Pale kwetu Machame, kwenye kilabu cha mbege, walikuwa wameshalijadili jambo langu na kulifunga: kijana anayechagua chakula kama mgonjwa, ambaye hajawahi kulala nyumba isiyosikika ng'ombe akicheua, eti anakwenda kufanya kazi Thailand. "Atakula nini huko?" mmoja aliuliza. Mwenzake akajibu, "Atakula diploma yake." Wakacheka hadi mbege ikamwagika.

Nilimaliza mwezi, nikamaliza na miaka. Nataka mlijue hilo mapema, ninyi vijana mnaoanza kazi za mapokezi hapa Moshi, kwa sababu mengi nitakayosema baadaye hayanipambi, na mimi ni mtu nipendaye kupambwa. Diploma yangu ya hoteli na utalii imetundikwa sebuleni, ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni akikaa kiti chochote ataiona. Nimestaafu nikiwa meneja. Katika ukoo wetu mimi ni wa kwanza kupanda ndege, na wa kwanza kuagiza chakula kwa lugha ambayo hata mchungaji wetu hajawahi kuisikia. Hayo hayana ubishi.

Lakini nauli haikutoka mfukoni mwangu. Jirani yetu Mzee Elia alikata miti yake ya mbao akaiuza. Kwaya ya mtaa ilinipa fedha ilizokuwa imekusanya kununua kinanda. Na shangazi yangu Ndeshi, dada wa baba, mjane, aliuza mtamba wake mwenye mimba. Alikuwa na ng'ombe mmoja mzee aliyekuwa akimaliza maziwa, na huyo mtamba ndiye aliyekuwa achukue nafasi. Nilisimama mbele ya hao wote nikiwa na suti ya kuazima, nikasema Krismasi ya pili nitakuwa nimerudisha kila kitu. Mnajua Krismasi kwetu ni nini. Mchagga anaweza kupotea mwaka mzima, ila siku hiyo akikosekana nyumbani watu huuliza kuna nini.

Mji niliofanyia kazi unaitwa Chanthaburi, uko mashariki ya Thailand, mji wa matunda na vito. Kuanzia Ijumaa hadi Jumapili mitaa ya katikati hujaa meza ndogo, na kwenye kila meza taa, mizani na vikaratasi vilivyokunjwa vyenye mawe ndani. Watu wetu wa Arusha na Moshi walikuwa wakienda kule kuuza. Walikuwapo wa Guinea na wa Madagaska pia. Wote walihitaji mahali pa kulala na kitu cha kutia tumboni, na wengi waliishia kwenye gesti ya mama mmoja mfupi, mnene, mwenye miwani ya kamba, niliyemwita Pa Noi. Noi ni jina lake. Pa kwao ni mwanamke wa rika la dada mkubwa wa mzazi wako, kwa hiyo kila siku ya kazi, tangu asubuhi, nilikuwa nikiita shangazi, shangazi, nikimwita mtu mwingine.

Nilifika kwake na diploma ndani ya bahasha. Aliisoma pande zote mbili, ingawa upande wa nyuma hauna kitu, akanirudishia kwa mikono miwili kwa heshima kubwa, kisha akanipa ndoo na mashuka. Kuhusu mapokezi alisema nitasimama pale wageni Waafrika watakapokuwa na maswali.

Na maswali yalikuwapo. Mtu wa kwetu, kabla hajatua begi, anauliza, "Ugali upo?" Haupo. Mwanzoni nilijibu hivyo hivyo, kwa sauti ya msomi, na mgeni alikunja uso akaiona Thailand yote kama jangwa. Siku moja nilimfuata Pa Noi sokoni nikaona watu wanakula wali unaonata, uliopikwa kwa mvuke na kuletwa ndani ya kikapu kidogo cha mianzi. Wanaumega kwa vidole, wanaufinyanga, wanachovya. Pembeni kuna kuku wa kuchoma kwenye mkaa. Nikasimama pale kama niliyekutana na mtu wa kwetu. Tangu siku hiyo jibu langu likawa, "Ugali haupo, ila ndugu yake yupo, twende nikakutambulishe." Hakuna mgeni aliyelala njaa tena mikononi mwangu.

Jifunzeni hapo. Ukimwambia mgeni hakuna, uwe na kitu cha kumpa mkononi sekunde ileile.

Pa Noi alikuwa na sheria yake moja. Mgeni akifika na maswali yake, alimkalisha kwanza na kumpa bakuli la uji mzito wa mchele wenye tangawizi, ndipo akajibu. Alisema mwenye njaa hasikii maelekezo, utamwambia kushoto atakwenda kulia. Nilidhani ni ukarimu wa kizamani, haukuwamo kwenye mtaala wangu. Mpaka nilipomwelekeza broka mmoja wa vito wa Arusha, aliyekuwa hajala tangu uwanja wa ndege, kwenda kwenye mgahawa wa Waislamu uliokuwa mtaa wa pili. Akarudi jua likiwa limeelemea magharibi, viatu mkononi, akiwa ameuzunguka mji mzima. "Kaka," akaniambia, "huo mtaa wako wa pili unahesabiwa kuanzia wapi?" Nikampa uji.

Yapo na makosa ambayo hayana uji. Kuna vijana wanne walipiga simu kuuliza kama tuna vyumba. Nikawaambia, njooni, vyumba vipo, mimi ndiye niko hapa. Sikuuliza wanakuja siku gani. Walifika Ijumaa, siku soko linapofunguliwa, wakati hata kochi la mapokezi lilikuwa limeshawekwa oda. Walilala kwenye viti vya plastiki chini ya ngazi wakiwa wameegemeana. Asubuhi mmoja alinisalimia, "Habari za vyumba, bosi?" Hilo likawa jina langu kwa msimu mzima. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama kuna chumba, usijibu. Muulize lini, na wangapi, na kama rafiki yake atakuja baadaye akijifanya hamjui.

Maswali mengine ni ya kila mahali na majibu yake ni mafupi. Maji ya bomba ni ya kuoga, ya kunywa nunua. Viatu vinabaki mlangoni, hata kama ni vya ngozi na unaogopa. Chumba cha feni ni nusu ya bei ya chumba cha kiyoyozi, na mtu wa mlimani hata feni ataizima. Doriani haliingii ndani. Tunda hilo watu wa Unguja wanalijua. Lina miiba kama nungunungu na harufu inayoshika pazia wiki nzima. Broka mmoja alilificha chini ya kitanda akaapa hana kitu, huku wageni wa ghorofa mbili wakiwa wamesimama nje na leso puani.

Na pilipili. Mgeni akisema hataki pilipili, mpishi wa kule anaelewa kwamba anataka chache. Hilo sikulijua mwanzoni. Mtu aliyenifundisha ni Mzee Elia.

Nilikuwa nimepiga magoti nasugua ngazi. Nilikuwa nimekaa kule Krismasi nne, na kila moja niliipitisha nikibadilisha mashuka, nimezima simu. Mshahara ulinitosha mimi na vocha. Nikasikia sauti nyuma yangu, Kiswahili chenye mlima ndani yake: "Samahani kijana. Hapa ndipo kwa yule meneja Mtanzania?"

Sikugeuka mara moja. Inabidi niwaeleze ule umeneja. Nilimwambia mama kwa simu kwamba niko mapokezi. Habari iliposhuka hadi barabara ya lami nilikuwa meneja. Ilipofika kanisani hoteli ilikuwa yangu. Nilikuja kuisikia kwa wageni na nikaiacha ilivyo.

Nikasimama na kitambaa mkononi. "Shikamoo, Mzee Elia."

"Marahaba." Akaniangalia, akaangalia ndoo, akaniangalia tena. "Meneja yuko wapi?"

"Kwa sasa mimi ndiye nipo, mzee."

"Naona kwamba upo. Nimeuliza meneja."

Siku hizo alikuwa ameacha mbao na kuanza kufanya biashara ya mawe, na alikuwa amepanda ndege hadi kwangu bila kuweka oda, kwa kuwa nyumbani walimwambia hoteli ni ya mtoto wa jirani. Pa Noi alitoka jikoni, akaona mzee mwenye begi, akaleta bakuli. Mzee Elia akala uji akitazama ukuta. Nilitamani aseme neno lolote baya, niishe. Akaniuliza tu, "Bafuni kuna kibomba kidogo kimetundikwa pembeni ya choo. Cha nini?" Nikamweleza. Akatikisa kichwa, "Hilo ni jambo zuri. Hilo nitakwenda nalo nyumbani."

Sasa sikilizeni nilichofanya, mtu mwenye diploma. Nilimpa chumba cha kiyoyozi, kile kikubwa chenye dirisha la mtoni, nikamwambia ni cha bure kwa wazee wa nyumbani. Pa Noi hakuwa na chumba cha bure. Nilikatwa mshahara kwa kila siku aliyokaa. Nilimnunulia shati la hariri. Nilimpeleka kula mahali penye vitambaa mezani. Mzee wa watu alizima kiyoyozi siku ya kwanza, akasema kinamkumbusha baridi ya kwenda kukata kuni, akafungua dirisha. Shati alilikunja akaliweka begini na karatasi yake. Nilikuwa nikiununua uso wangu kidogo kidogo, na fedha niliyokuwa nikinunulia ilikuwa ya mtamba.

Pale penye vitambaa mezani nilimwagizia samaki, nikasisitiza kwa mpishi, bila pilipili. Mzee Elia akala vijiko viwili. Jasho likaanza kwenye paji la uso likashuka hadi kwenye kola.

"Hii haina pilipili?"

"Haina, mzee. Nimewaambia mwenyewe."

"Basi ile iliyo nayo watakuwa wanampa mtu wakishamwandikia wosia."

Tukacheka, mara ya kwanza tangu afike. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomfungua mdomo. Alikunywa maji, akapangusa uso, akasema bila kunitazama, "Mimi sijaja kudai. Mti ukikatwa unachipua, mbao zangu zitasubiri. Ila ujue shangazi yako sasa ananunua maziwa."

Nikauliza kwa nini, kama mtu asiyejua.

"Yule ng'ombe mzee alikufa. Zizi liko tupu. Ndeshi anatuma mtoto wa jirani na chupa, asubuhi, kabla watu hawajatoka barabarani."

Ninyi mliozaliwa mjini mnanunua maziwa kila siku na hamlijui hilo. Ndeshi ndiye aliyekuwa akigawa maziwa. Mwanamke akijifungua mtaa ule, chombo cha kwanza kufika kilitoka kwake. Na ng'ombe akiondoka haondoki peke yake. Samadi inakosekana, mgomba unakonda, kahawa inafuata. Mzee Elia hakuyasema hayo; hakuwa na haja, tumezaliwa kwenye vihamba vilivyopakana, yale mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa.

"Amesema uniambie nini?" nikauliza.

"Amesema nikuangalie kama unakula vizuri."

Tuliporudi, Pa Noi alikuwa mlangoni. Watu wa kule wakikutana huulizana, umeshakula wali? Ni salamu tu, kama sisi tunavyosema za saa hizi. Aliniuliza hivyo, na mimi, niliyewajibu mamia ya watu maswali ya chakula, nikachukua ndoo nikarudi kusugua ngazi.

Niliondoka Chanthaburi mwaka uliofuata. Nisiwadanganye kwamba nilirudi na kitu. Nilirudi na sanduku moja, Kithai cha jikoni na kumbukumbu ya kila swali nililowahi kuulizwa. Nilishukia stendi ya Moshi jioni, nikakaa mjini wiki nzima kwa rafiki yangu, mtaa wa Shirimatunda, kabla sijapata moyo wa kupanda nyumbani, na nilipopanda nilipita njia ya mfereji, nyuma ya migomba, ili nisipite barabarani.

Maswali yale yaliniajiri. Gesti moja ya wapanda mlima pale Shirimatunda ilinichukua kwa majaribio. Walikuwa wakiwapokea Wazungu waliokuwa kwenye ndege siku nzima kwa kuwapa fomu wajaze. Nikaweka bakuli la mtori, supu yetu nzito ya ndizi na nyama, mbele ya fomu. Mtalii aliyeshiba mtori haulizi tena maji ya moto yatatoka saa ngapi, anasubiri kwa amani. Wengine waliuliza kama mtori ni wa maziwa, wengine kama ndizi ile ni kiazi, na mimi nilikuwa na jibu na kitu cha kuweka mkononi. Baada ya muda nikawa msimamizi, kisha meneja, meneja wa kweli, mwenye funguo. Hilo nalisema kwa kifua mbele.

Nilianza kulipa. Nilimlipa Mzee Elia kwanza, kwa kuwa alikuwa akipita gesti mara kwa mara na kuniita meneja mbele ya wafanyakazi kwa namna ninayoielewa mimi na yeye. Nikailipa kwaya, kwa kuwa kila harusi ya mtaa mwenyekiti wao alikuwa akiimba akinitazama. Shangazi Ndeshi nilimweka mwisho. Hakuwahi kudai. Kila nilipofika alinikaribisha chai ya maziwa, na mimi niliinywa nikijua ile chupa imetumwa wapi, huku nje ya dirisha migomba yake ikiwa imesimama myembamba, majani ya njano. Nimefanya kazi ya hoteli maisha yangu yote na nawaambia, anayepiga kelele mezani huhudumiwa kwanza, na mimi niliyefundisha wengine wasifanye hivyo ndivyo nilivyomfanyia dada wa baba yangu.

Krismasi moja nilinunua mtamba. Nilichagua mwenyewe, mwenye mimba ya miezi mitano, mweusi na mweupe, mgongo kama meza. Nilivaa suti, yangu sasa, na viatu vya ngozi. Nilimleta kwa gari dogo la mizigo mpaka lango la kihamba, asubuhi ya sikukuu wakati watu wako ibadani, nikamfunga zizini, nikasimama pembeni kama aliyekabidhi jengo.

Shangazi alirudi kutoka ibada ya kwanza. Alimzunguka mtamba mara moja. Akampapasa tumbo, akamtazama kiwele. Kisha akanigeukia.

"Ni mzuri, baba. Umeniletea mdomo. Majani yako wapi?"

Sikuwa nayo. Nilisema nitamtuma mtu.

"Utamtuma nani? Leo Krismasi. Na huyu ameamka na njaa yake, hajui kama ni sikukuu." Akaingia ndani, akatoka na panga na kamba. "Kule chini mtoni kwa baba yako kuna majani. Mimi goti haliniruhusu."

Nikashuka mtoni na suti yangu. Nilivua koti nikalitundika kwenye mgomba. Nilikata mpaka viganja vikachubuka, nikafunga mzigo, nikaujaribu begani ukaanguka, nikaujaribu mgongoni ukafunguka. Mwishoni niliubeba kichwani, kama dada zangu walivyobeba utoto wangu wote nikiwa nasoma. Unyasi ulikuwa na umande, maji yakishuka ndani ya shati. Njia ni moja tu kutoka mtoni, na inakatiza barabara ya kanisa, na ibada ya pili ilikuwa inatoka.

Kila mtu aliyerudi nyumbani mwaka ule alikuwa barabarani. Wa Dar, wa Arusha, wenye magari. Mmoja, tuliyesoma wote, aliteremsha kioo akauliza kwa upole kabisa, "Meneja, hiyo unaipeleka chumba namba ngapi?" Ukiwa na mzigo wa majani kichwani huwezi kugeuza shingo, na huwezi kucheka sana. Nikaendelea kutembea.

Nilipofika langoni kwa shangazi nilisimama, maana mzigo wa kichwani hautuliwi na mtu mmoja. Yeye alikuwa amesimama pale pale kwenye ua, mikono imekunjwa, anatazama barabarani.

"Shangazi, nisaidie kutua."

"Subiri kwanza. Mama mchungaji anapita."

Mama mchungaji akasimama, akasalimia, akachungulia zizini. "Ndeshi, umepata ng'ombe?"

"Nimepata. Aliyemrudisha ndiye huyu, mwenye majani."

Wakaja wengine, kwaya na mavazi yao, majirani, watoto, na Mzee Elia ndani ya shati la hariri ambalo sikuwahi kumwona amelivaa. Kila mmoja aliuliza lile lile na kila mmoja alijibiwa lile lile, kwa sauti ileile isiyo na haraka. Shingo ilikuwa inawaka na macho yangu yalikuwa yamejaa maji, na nashukuru umande ulikuwepo. Hakuniacha nitue. Aliniweka nimesimama pale mpaka mtu wa mwisho alipopita, ndipo akaja karibu, akanyoosha mikono yake yote miwili, tukautua mzigo pamoja.